Naisifu Hangova

Mkumbara jua huchelewa. Milima ya Usambara hulizuia kwanza, na linapochungulia, wakata mkonge wameshafunga mizigo kadhaa. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alfajiri za Jumatatu mkewe alimwekea kikombe cha maji juu ya kigoda kando ya kitanda. Mjomba aliyanywa amefumba macho, akashika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyejitwika kapu la mayai, kisha akachukua panga akatoka.

Jani la mkonge lina mwiba nchani, mgumu kama sindano ya kushonea magunia, na mkataji hana budi kuuondoa. Jumatatu moja mwiba ulimwahi mjomba chini ya jicho. Jioni, bandeji ikiwa usoni, aliniambia: "Mjomba, kichwa kilinikataza kwenda leo. Sikukisikia."

Kwa neno hilo naisifu hangova. Watu huilaani kuliko hata pombe iliyoileta, nami naona wanamlaani mgeni mwema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui mgeni mwingine anayestahili methali hii zaidi ya huyu.

Kwanza, hesabu yake haina uongo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitandika waya wa kuteremshia magogo ya mierezi kutoka misitu ya Shume hadi kituo cha reli cha Mkumbara. Huko juu wangeweza kukata miti mingi walivyotaka, lakini waya ulikuwa na mwendo wake, na magogo yaliyobaki yalisubiri zamu. Ini ndivyo lilivyo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za alkoholi, na ini la mtu mzima humaliza kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyekunywa chupa tano akalala saa sita usiku, ini lake litakuwa kazini mpaka kupambazuke, na pengine zaidi. Kahawa haiongezi mwendo huo, wala kuoga maji baridi.

Katika kazi hiyo ini huigeuza alkoholi kuwa asetaldehaidi, sumu kali kuliko pombe yenyewe, kisha huigeuza tena kuwa asetati, ambayo mwili unaimudu. Wakati huohuo pombe huizuia homoni inayoamuru figo zitunze maji, ndiyo maana mnywaji haishi kwenda haja ndogo. Huchokoza ukuta wa tumbo, huweza kushusha sukari katika damu, na huamsha kinga ya mwili kana kwamba kuna maradhi yameingia. Usingizi nao huja vipandevipande. Hayo yote kwa pamoja ndiyo kiu, kichefuchefu, kichwa kugonga na mwili kukosa nguvu.

Na tazama adabu yake: hangova hufika kileleni pale kilevi kinapokaribia kwisha katika damu. Haimsemeshi mlevi. Humsubiri mtu akili imrudie, ndipo imweleze kilichotokea.

Pili, haimwonei mtu haya. Uwe umekunywa boha ya miwa milimani, tembo la mnazi kule pwani, au mvinyo hotelini, itakuja. Vinywaji vikali vya rangi nzito huileta kwa ukali zaidi kuliko vile vyeupe, kwa kuwa vina masalia mengi ya uchachushaji.

Tatu, hata waganga wameiga kazi yake. Miaka ya 1940 huko Denmark, watafiti Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakichunguza disulfiramu kama dawa ya minyoo. Waliimeza wenyewe, na kila walipogusa pombe waliugua: uso kuwaka, moyo kwenda mbio, tumbo kuchafuka. Dawa ile ilikuwa inazuia asetaldehaidi isimalizwe. Ikawa dawa ya kuwasaidia walevi kuacha, na inatumika mpaka leo. Aidha, watu wengi wa Asia ya Mashariki huzaliwa na kimeng'enya dhaifu cha kuimaliza sumu hiyo. Taabu huwafika mapema wakiwa bado mezani, na ulevi wa kupindukia ni nadra zaidi kwao.

Basi mgeni apokewe inavyostahili. Mpe maji, kidogokidogo. Kama umetapika, chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko, unywe taratibu. Dafu linafaa, na machungwa ya Muheza yanafaa. Supu ya makongoro yenye ndimu hurudisha maji na chumvi, na chapati hurudisha sukari, lakini haviponyi. Mwaka 2005 jarida la tiba la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio ya dawa za hangova, na hakuna hata moja iliyokuwa na ushahidi wa kuridhisha. Kinachoiondoa ni muda. Usikimbilie paracetamoli, kwa maana ini bado lina mzigo wake. Usishike panga, usipande bodaboda kama dereva. Lala.

Ila usimfananishe na mgeni mwingine. Gongo lenye methanoli huweza kumwacha mtu akijiona mzima kwa nusu siku au zaidi, ndipo macho yaingie ukungu na pumzi zianze kwenda kwa shida. Hiyo si hangova. Ni sumu inayopofusha na kuua, na hapo ni hospitali bila kungoja kupambazuke.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumfukuza mgeni kwa kuzimua: kunywa pombe asubuhi ili kichwa kitulie. Ni kweli kinatulia. Ini limeongezewa magogo, na taarifa imeahirishwa. Enzi za viroba, kabla havijapigwa marufuku Machi 1, 2017, jambo hilo lilikuwa rahisi mno, kwa kuwa kiroba kilikaa mfukoni mwa shati kama leso. Mwenye kuzimua kila siku hufika mahali mikono inatetemeka asipokunywa. Akifika hapo asiache ghafla peke yake, maana anaweza kupatwa na degedege au kuchanganyikiwa. Aende hospitali, na aende na mtu wake.

Mjomba alijifunza kuzimua mwaka uleule wa kovu. Alisema amepata dawa, nasi tulimwamini, kwa kuwa hakushika kichwa tena wala hakulalamika. Aliamka akicheka. Miaka miwili hangova haikukanyaga nyumba ile, na ndiyo miaka tuliyokuwa tukimpoteza tukidhani ameanza kupona.

Mkewe hakuacha desturi yake. Kila alfajiri aliweka kikombe cha maji juu ya kigoda. Nilikuwa nikipita jioni kuwajulia hali, nakikuta palepale, kimejaa, na vumbi jekundu limetanda juu ya maji.