Barua ya wazi kwa Rais wa UCI: baada ya soksi, tuangalie na matairi

Mheshimiwa Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, Aigle, Uswisi,

Niwie radhi kwa kuthubutu kukuandikia, mimi mpenda mbio za kuteremka milima nisiye na cheo chochote. Najua meza yako haikosi makaratasi mazito, na hili langu ni la tairi tu.

Kwanza nikupongeze. Waendeshaji wa barabarani mmewapimia hata soksi, zisipande kupita nusu ya muundi. Wa mteremko mmewakataza nguo za kubana. Matairi yenye misumari ya chuma mmeyapiga marufuku milimani. Taasisi inayoona mbali hivi ni adimu, au tuseme inayoona karibu hivi.

Ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza: mpira wa hayo matairi umegemwa wapi, na mgema alilipwa nini?

Ubavuni mwa tairi la mteremko pameandikwa mengi. Kipimo, 29 x 2.50. Ulaini wa mpira. Upepo wa kujaza. Mshale wa kuonyesha lizunguke upande gani. Hata jina la kivita: Maxxis wanalo moja waliloliunda na bingwa Greg Minnaar wa Afrika Kusini, wakaliita Assegai, yaani mkuki. Jina la shamba halimo. Mnunuzi mwenye dhamiri anabaki kukagua kashata za tairi. Na tairi lenyewe halikai: mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike mawe na mizizi, kwa hiyo huisha upesi na lingine likanunuliwa.

Upande wetu huu wa dunia swali hilo si geni. Dunlop alipotengeneza tairi la upepo la baiskeli kule Belfast mwaka 1888, dunia iliingiwa na uchu wa mpira, na waliolipa ni watu wa Kongo ya Mfalme Leopold. Wanaume walisukumwa porini kugema mitambaazi, wake zao wakashikwa mateka mpaka kilo zitimie. Zisipotimia, watu waliuawa na mikono ikakatwa. Septemba 2025 mlituheshimu kwa kuleta ubingwa wa dunia wa barabarani Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kutoka pale hadi mpaka wa Kongo ni mwendo wa saa chache kwa gari.

Sisemi haya kukuharibia chai, Mheshimiwa. Siku hizi mpira mwingi hugemwa na wakulima wadogo wa Thailand, Indonesia na jirani zao, na kilio chao ni bei mbovu. Misitu nayo inafyekwa kupisha mashamba.

Wala siombi muujiza. Schwalbe ya Ujerumani imejiunga na chama cha Fair Rubber, ambacho wanachama wake hulipa nyongeza ya senti 50 za yuro kwa kila kilo ya mpira mkavu. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka shamba ulikotoka mpira lijulikane, ingawa utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja.

Basi, kwa unyenyekevu wote, naomba kanuni zenu ziongezwe mstari mmoja tu: tairi lolote litakaloshuka kwenye Kombe la Dunia, mtengenezaji atangaze hadharani mpira wake umetoka wapi. Jambo hilo likidaiwa kwa mabingwa, na sisi wa dukani tutaambiwa. Ikikupendeza, iwe kabla ya msimu ujao.

Wako mtiifu,
Mnunuzi wa matairi