Rafiki wa Mazingira, Mteja wa Sheli

Mwaka 2013 nchini Uholanzi, ukipewa gari la kazini ukalitumia na kwa mambo yako, kawaida 25% ya bei yake ilihesabiwa kuwa kipato chako, ukatwe kodi. Ila likitoa chini ya gramu 50 za hewa ya kaboni kwa kilomita, asilimia sifuri, miaka mitano mfululizo. Na tazama ajabu: Mitsubishi Outlander, dude la karibu tani mbili lenye petroli na betri ya kuchomeka ukutani, lilipopimwa likatoka na gramu 44! Mameneja wakaokoka kwa mkupuo, wote wapenda mazingira.

Sasa piga hesabu ya meneja. Petroli inalipwa na kadi ya kampuni. Umeme wa nyumbani unalipwa na yeye. Nani atoke na mvua usiku, ahangaike na waya, ili amwokolee bosi mafuta? Uingereza, iliripotiwa mwaka 2018 kwamba baadhi ya magari ya kampuni ya aina hii yalirudishwa waya za kuchajia zikiwa bado kwenye nailoni zake. Bikira kabisa.

Watafiti wa taasisi za ICCT na Fraunhofer waliitoa hesabu mwaka 2022: Ulaya, magari ya kampuni ya aina hii hutembea kwa umeme 11 hadi 15% tu ya kilomita zake. Ujerumani ikakaza masharti ya nafuu ya kodi kwa magari haya kuanzia 2025: gramu zisizidi 50, au betri ifike kilomita 80. Yaani betri kubwa zaidi ya kutochajiwa.