Mtemi Mirambo Angesajiliwa Bila Shida

Mwaka 1947 watu wa kuchokonoachokonoa walipata bahati pande mbili za dunia. Tarehe 9 Septemba, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, mafundi waliokuwa wakihangaika na kompyuta iitwayo Mark II waliifungua wakakuta mdudu nondo amenasa ndani. Wakamtoa, wakambandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi. Mwaka huohuo hapa kwenye mgodi wa Mwadui lilichimbuliwa jiwe la almasi la rangi ya waridi la karati 54.5, likapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Wenzetu nondo wao wanaye mpaka leo, amehifadhiwa makumbusho. Sisi almasi tuliigawa, kisha tukaanza kuagiza nondo kutoka nje.

Ninasema hivyo kwa sababu nondo, yaani kasoro za programu, ndio wanaonilisha. Ninakaa Maganzo, mji mdogo wa biashara jirani na mgodi, na watu wananiita fundi. Kazi yangu ni kusuluhisha ugomvi kati ya watu na programu. Zamani ugomvi huo haukuwepo, maana kila kitu kilikaa kwenye kaunta buku. Lakini tangu Machi 2019 lilipofunguliwa soko la dhahabu Geita, na masoko ya madini ya kwingine yakafuata, kila mwenye duara la kuchimbia, mwenye karasha la kusaga mawe na mwenye duka anataka rekodi zake zikae kwenye kompyuta au simu. Vijana wa mjini huwaletea programu. Zinapendeza, zina rangi, zinawakawaka. Zikishalipiwa, napigiwa simu.

"Fundi, inakataa ng'ombe."

Huo ndio wito ninaoupokea mara nyingi kuliko wote. Aliyeutoa mara ya mwisho ni mzee mmoja wa mnadani. Ameandika mbuzi, programu imekubali. Kondoo, imekubali. Kuku nao wamepita. Akiandika ng'ombe, linatokea dirisha jekundu lenye Kiingereza kirefu, halafu programu inajifunga. "Sasa mwanangu," akasema, "Msukuma ataandika mali gani kama ng'ombe hatakiwi?"

Chanzo ni ritifaa, kale kakoma ka juu. Programu huiandikia hifadhidata amri kwa maandishi, na maneno ya mteja huwekwa katikati ya ritifaa mbili ili yajulikane yanapoanzia na yanapoishia. Hifadhidata ikifika kwenye ng' inaona maneno yameisha. Ile "ombe" iliyobaki inaichukua kuwa amri, na amri ya namna hiyo hakuna aliyeifundisha. Ungekuwa Ujerumani usingeliona tatizo hili mpaka ustaafu. Huku kwetu, aliyetengeneza programu isiyopokea ritifaa amewafungia nje akina Ng'washi, akina Ng'wandu, na wilaya nzima ya Nyang'hwale kule Geita. Ng'wanamalundi wa masimulizi ya Wasukuma husimuliwa kwamba alikausha miti kwa kuinyooshea kidole. Siku hizi asingehitaji kidole, jina lake tu lingetosha kuikausha kompyuta.

Makarani nao wana akili zao. Huyu anaifuta ritifaa, anaandika Ngwashi. Mwenzake anaandika kwa simu, na simu inamwekea ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Mwisho wa mwezi mtu mmoja amekuwa watatu: mmoja amelipwa, wa pili anadaiwa, na wa tatu hajulikani alipo. Dawa yake ni mistari michache tu. Amri ipelekwe kwenye hifadhidata peke yake, ikiwa na nafasi wazi, na maneno ya mteja yafuate kando yakijulikana kuwa ni maneno, si amri. Kisha kila ritifaa iliyopinda inyooshwe kabla ya kuhifadhiwa. Anayeona huo ni usumbufu wa bure akumbuke kwamba tundu analopitia ng'ombe kwa bahati mbaya ndilo analopitia mwizi kwa makusudi.

Ukivuka jina unakutana na namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianzia na mwaka. Mtengenezaji akiona tarakimu tupu anasema hii ni namba, basi anaihifadhi kama namba. Jedwali la kawaida la kompyuta hushika tarakimu 15 tu kwa uhakika, zinazozidi hapo huwa sifuri. Nimeletewa orodha ya wachimbaji wa duara moja ambayo namba zote zimeishia na sifuri tano, na aliyeileta akaniuliza kwa dhati kama hao watu ni ukoo mmoja.

Kijana wa mjini akiambiwa habari hiyo huchukua namba nzima kubwa kuliko zote alizofundishwa chuoni, ile ya biti 64, ambayo mwisho wake ni 18,446,744,073,709,551,615. Anahesabu tarakimu, anakuta 20, anashangilia. Hajaangalia zinavyoanza. Ili namba ya NIDA iingie humo, ni lazima mwenye nayo awe amezaliwa mwaka 1844 au kabla ya hapo. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, anayekadiriwa kuzaliwa karibu na mwaka 1840, angesajiliwa bila shida yoyote. Wewe uliyezaliwa 1990 utaambiwa umezidi.

Kabla ya kuita kitu namba, jiulize kama iko siku utakijumlisha. Hakuna anayejumlisha NIDA yake na ya shemeji yake. Hayo ni maandishi, yahifadhiwe kama maandishi. Namba ya simu nayo ni vivyo hivyo. Ukiihifadhi kama namba, ile sifuri ya mbele inaanguka, na ujumbe wa "malipo yako yako tayari" haumfikii mtu.

Tarehe zina visa vyake. Kuna programu iliyozinduliwa dukani siku ya Sabasaba, ikakaguliwa tena Nanenane, ikapita kwa makofi. Hakuna aliyeshtuka kwamba ilikuwa inaanza kusoma mwezi kisha siku, kwa mtindo wa Kimarekani, maana 7/7 na 8/8 hata uzisome kinyumenyume ni zilezile. Ikaja kujulikana baadaye. Sikukuu ya Uhuru, 9/12, ikahamia Septemba. Mapinduzi, 12/1, yakaenda Desemba. Muungano, 26/4, ukakataliwa kabisa kwa kuwa mwezi wa 26 haupo. Watu wa dukani wangevumilia yote hayo, ila Oktoba alikuja mteja akakopa bati, akaahidi kulipa 3/11. Programu ikasoma Machi 11. Kabla hajamaliza kufunga bati kwenye baiskeli, simu yake ililia: deni lako limechelewa kwa miezi saba. Akazifungua zile bati, akazirudisha, akaenda kukopa duka la pili. Siku hizi nikiikuta tarehe ya namna hiyo naipanga mwaka, mwezi, siku, kama 2024-12-09, na kwenye skrini mwezi nauandika kwa jina lake. Desemba haisomeki kinyumenyume.

Mlinzi wa karasha ni kisa kingine. Huingia saa kumi na mbili jioni, hutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye kaunta buku karani alikuwa akiandika "12 hadi 12", na mpaka mpishi alielewa. Programu ilipopewa 12 hadi 12 ikatoa jibu: amefanya kazi saa sifuri. Karani akaingiza saa za kimataifa, 18 hadi 6. Programu ikachukua 6, ikatoa 18, ikapata hasi 12. Mwezi ulipoisha mlinzi alikuwa anadaiwa na mwajiri wake. Alikuja kwangu mwenyewe, rungu mkononi, akaketi kwenye benchi akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hizo saa ninazodaiwa nikazilalie wapi?"

Hapo tiba ni kuhifadhi tarehe na saa kwa pamoja, ya kuingia na ya kutoka, ili saa sita usiku isiwe ukuta. Na kama seva inatunza saa za dunia, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kumbuka kuzigeuza kabla ya kumwonyesha mtu. La sivyo anayeingia kazini saa nane usiku ataandikwa aliingia jana, akatwe mshahara kwa kuwahi.

Sasa tuje kwenye mzani. Dhahabu huku hupimwa kwa gramu na vipande vya gramu, na karati moja ya almasi ni gramu 0.2. Washirika wawili, mwenye duara na mchimbaji wake, walikuja kupima, mmoja ana gramu 0.1, wa pili ana 0.2. Risiti ikatoka imeandikwa 0.30000000000000004. Walinyamaza wakiitazama. Kisha mdogo akauliza, "Hiyo nne ya mwisho ni ya nani?" Mwenye duara akasema ni yake kwa kuwa shimo ni lake. Mchimbaji akasema chochote kilichojificha mbali kiasi hicho kimefikiwa na sururu yake. Nilipofika walikuwa wameshamwita mwenyekiti wa kitongoji.

Nne ile si ya mtu. Kompyuta huhesabu kwa mbili, na kwa hesabu ya mbili sehemu moja ya kumi haiishi, kama vile kwetu theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali. Inakatwa mahali, na makombo ya kukatwa ndiyo yanayochungulia mwisho. Kwa hiyo usihifadhi gramu zenye nukta; hifadhi miligramu nzima. Mia jumlisha mia mbili ni mia tatu, mwenyekiti arudi nyumbani. Fedha nazo ziwe shilingi nzima, na iamuliwe mapema baki litakwenda wapi. Milioni kumi ukiwagawia watu watatu, kila mmoja anapata 3,333,333 na inabaki shilingi moja. Shilingi hiyo hainunui kitu Maganzo nzima, ila ushirika inauvunja.

Asiyeamini aulize Kanada, alikozaliwa John Williamson, aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940. Soko la hisa la Vancouver lilianzisha kipimo chake Januari 1982 kikiwa 1,000. Kila biashara ilipofanyika, kompyuta ilikikokotoa upya na kukata tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta badala ya kuzikadiria. Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeporomoka hadi karibu 524, ilhali soko lenyewe lilikuwa likipanda. Walipokirekebisha kiliruka hadi 1,098. Zaidi ya nusu ya kipimo ilikuwa imeliwa na makombo.

Programu nyingine haikosei hesabu, inakosea adabu. Mayu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliuza mfuko wa saruji akabonyeza "Hifadhi". Kompyuta ikatulia, kwa sababu aliyeitengeneza aliifanya ipeleke taarifa kwenye seva huku ikipaswa pia kuchora skrini na kusikiliza vitufe, na mtandao siku hiyo ulikuwa wa kusuasua. Mayu akabonyeza tena. Akabonyeza kwa nguvu. Akaondoa vumbi kwenye kipanya, akabonyeza kwa mfululizo. Mtandao uliporudi, kila mbonyezo ulitekelezwa kwa zamu yake, na mteja aliyekuwa bado anahesabu chenji akawa amenunua mifuko ya kujenga choo na jiko. Kazi ndefu ipelekwe pembeni, kitufe kizimwe kikishabonyezwa, na kila mauzo yapewe namba yake kabla hayajatumwa, ili seva ikiona namba hiyo mara ya pili iseme hii ninayo.

Kwenye simu yupo karani wa mzani. Akiinama kusoma uzito, simu inalala, skrini inageuka, na kila alichoandika kinapotea. Kwa desturi ya Android, skrini ikigeuka ukurasa hubomolewa na kujengwa upya. Kisichowekwa akiba hakirudi. Karani hakuwa na habari hizo. Alijifunza kuinamisha kichwa peke yake huku mkono wenye simu ameusimamisha wima, na nilipoitwa alikuwa ameshaanza kutumia dawa ya kuchua shingo. Kila kisanduku kikijazwa kihifadhiwe palepale. Shingo itapona yenyewe.

Katika visa vyote hivi kaunta buku haikukosea hata mara moja. Ilipokea ng'ombe. Ilijua 12 hadi 12 ni usiku kucha. Hesabu za humo zilifanywa na watu wanaofahamu Sabasaba ni lini. Ndiyo maana kijana akija na programu mpya namwambia asifungue kompyuta yake kwanza, akae na daftari la mteja alisome ukurasa kwa ukurasa.

Mmoja alinisikiliza. Alikuta chini ya kila ukurasa wa duara moja neno "chai" na kiasi kisichoeleweka: shilingi 1, shilingi 2, shilingi 40. Akauliza. Akaambiwa baki la mgawo huenda kwenye chai ya wote, maana hakuna mtu mzima anayegombania chai. Basi akaweka kwenye programu yake mstari wa Chai, na kila baki huangukia humo. Ni programu pekee ya eneo hili ambayo sijawahi kuitwa kuifungua. Kijana mwenyewe ameniomba mara kadhaa nimtangaze kwa wateja wengine, na kila mara namjibu nitaona, maana nami nina watoto wanaosoma.