Barua ya Wazi kwa Uhamiaji: Wageni Wasio na Hati Tarakea

Kwa Kamishna Jenerali,
Idara ya Uhamiaji.

YAH: WAGENI WAZITO WANAOINGIA TARAKEA USIKU BILA HATI ZA KUSAFIRIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, mimi ni mkulima wa mahindi na maharage hapa Tarakea, wilayani Rombo. Kwanza nawapongeza vijana wako kwa kazi ya mpakani. Ila kuna kundi moja halipiti getini. Linakuja usiku wa manane kwa mstari, mama mkubwa mbele, watoto katikati. Hawana pasipoti, hawana kadi ya njano, hawana hata kile kikaratasi cha dharura.

Nilikutana nao msimu uliopita, mahindi yakiwa yameanza kubeba. Nilikuwa kibandani na tochi, debe bovu na kirungu cha kulipigia. Nikasikia mabua yanavunjika. Nikamulika. Tembo jike akanyanyua mkonga kuelekea kwenye mwanga, akaninusa, akaridhika kwamba sina lolote, akaendelea na chakula. Alikuwa akishika bua kwa ncha ya mkonga, analing'oa na mizizi yake, analipigapiga mguuni udongo udondoke, ndipo anatia mdomoni. Msafi kuliko mimi. Nilipiga debe hadi likatoboka. Kulipokucha, robo tatu ya ekari ilikuwa imelala chini, nyayo zimejaa maji kama beseni, na kwenye mavi kulikuwa na punje zangu nzima nzima. Hayo ndiyo mavuno niliyoyaona mwaka ule.

Nikaenda kuripoti. Afisa mmoja, ambaye simtaji, alinipa pole ya dhati, akafunga daftari na kusema, "Mzee wangu, hao ni tembo wa Kenya." Ndiyo maana barua hii imekuja kwako badala ya kwenda kwa watu wa wanyamapori. Kama ni wageni, kesi ni yako.

Kwa haki nimejaribu kuwatetea. Mpaka huu Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, ukanyooka kama umepigwa kwa rula na kupinda kidogo tu kuuzunguka Kilimanjaro. Tembo hawakuitwa kikaoni. (Sisi pia hatukuitwa, ila sisi tuna vitambulisho.) Wao walikuwa wakipanda kutoka Amboseli, kule Kenya, kuja kwenye msitu wa mlima na kurudi kabla Amboseli haijaitwa hifadhi. Njia zao nyingi tumezijaza nyumba na mashamba, langu likiwemo. Upande wa magharibi kumebaki ushoroba wa Kitendeni, na huo nao unabanwa. Halafu kuna hili la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, ile ya kuvuka mipaka kwa uhuru, ilianza kutumika mwaka 2010, na kwa macho yangu tembo ndiye Mwana-Afrika Mashariki pekee anayeitekeleza neno kwa neno.

Kinachonichanganya ni uraia wao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Watafiti wa Amboseli wanawafuata tembo wale tangu 1972, wanawajua kwa majina, ukoo kwa ukoo. Mmoja alikuwa dume aitwaye Gilgil, mwenye meno makubwa kama wachache waliobaki Afrika nzima. Septemba 2023 alivuka kuja upande wetu, Longido, akapigwa risasi na mwindaji mwenye leseni. Madume wengine wakubwa wakafuata, baada ya karibu miaka thelathini ya maelewano kwamba tembo wa Amboseli wasiguswe. Leseni ilitoka kwetu na ada iliingia kwetu, na sikusikia mtu akifunga daftari na kusema hao ni wa Kenya.

Sheria yetu haitambui uraia pacha, Mheshimiwa, lakini hawa tayari wanao. Akila mahindi ni Mkenya. Akiwa na meno marefu na mbele yake kuna mteja, ni Mtanzania halisi.

Nikaambiwa nijaze fomu ya kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga malipo kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi. Shamba lililokuwa ndani ya mita 500 halikupata kitu. Kuanzia hapo ilikuwa shilingi 25,000 kwa ekari, na kadiri ulivyokaa mbali na tembo ndivyo tembo alivyokulipa vizuri, hadi shilingi 100,000 ukivuka kilomita 5. Nilipima langu kwa hatua: mita 400 na kidogo. Najua hoja yao, hawataki tulime mlangoni mwa hifadhi. Sawa, lakini mlango wenyewe umekuwa ukitembea. Wazee wetu walitengewa ukanda wa msitu uitwao Nusu Maili mwaka 1941 wapate kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, Nusu Maili ndani yake. Kuna watu walilala majirani wa msitu, wakaamka majirani wa hifadhi, na hawakuhamisha hata jiko.

Usinielewe vibaya, siwatakii kifo. Kati ya 2009 na 2014 nchi hii ilishuka kutoka tembo wapatao 109,000 hadi 43,000, na hao hawakuuawa na wapiga debe. Nataka waje wajukuu zangu wawaone. Nataka tu gharama ya kuwaona isitolewe yote kwenye ghala langu.

Kwa hiyo naomba uamuzi wa maandishi. Kama ni wageni, wagongewe mihuri, na kwenye ukurasa wa kwanza waandikiwe kwamba wakivuka kwenda Longido na meno yale ni kwa hatari yao wenyewe. Kama ni wetu, basi wawe wetu na usiku wanapokula, na atakayesikia debe langu aje na gari.

Mvua za masika zikianza nitapanda tena. Debe nimenunua jipya. Naomba jibu kabla mahindi hayajabeba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima, mita 400, Tarakea.

Nakala: Wizara ya Maliasili na Utalii, wenyeji wa wageni hao.