Mdomo Huu Uongezewe Masafa

Nchi hii husifia watu wasio na haja ya sifa. Profesa husifiwa kwa kusoma, kocha kwa kushinda, marehemu kwa kufa. Mtangazaji mchokozi, anayeamka kila siku akitafuta nani amuudhi, hajapata hata cheti cha ushiriki. Huku kwetu Mbagala anasemwa kuanzia Mtoni Mtongani hadi Kongowe, na wanaomsema wameongeza sauti ya redio ili wasipitwe. Kisebusebu na kiroho papo. Leo nitamsifu hadharani, maana sirini tunamsifu wote.

Vijana wanadhani redio ilianza na kucheka. Wazazi wetu walikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, basi. Zilikuwa sauti za kina David Wakati na Julius Nyaisanga, Kiswahili kimepigwa pasi mpaka kwenye pindo. Matangazo ya vifo yalisomwa kwa adabu hiyo hiyo kwa kila mtu, hata marehemu aliyekufa na madeni ya nusu ya mtaa akasikika kama walii. Mzaha nao ulikuwa na ratiba: Pwagu na Pwaguzi walichekesha saa yao ikifika, kisha taarifa ya habari ikaendelea kama kawaida. Halafu ikaja sheria ya utangazaji ya 1993, watu binafsi wakaruhusiwa kuanzisha vituo. Radio One ikaingia hewani 1994, Clouds FM ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, na tangu hapo adabu inatafutwa.

Kati ya waliokuja baadaye, anayestahili kujengewa sanamu Rangi Tatu, pale daladala zinapogeuzia, ni Soudy Brown. Kipengele chake, U Heard, kilikaa ndani ya XXL, kipindi cha mchana cha Clouds FM, na mtaji wake ulikuwa uvumi na simu ya mkononi. Vyuo vya uandishi wa habari hufundisha maswali matano au sita. Yeye alitosheka na moja: hili ninalolisikia ni kweli? Msanii akikana, ni habari. Akitukana, ni habari kubwa. Akikata simu, hapo ndipo tunapopata chakula cha wiki nzima. Sijui fani nyingine ambayo mtu hulipwa kwa kukatiwa simu.

Faida zake kwa jamii hazijaandikwa popote, kwa hiyo niziandike mimi. Barabara ya Kilwa ilipofumuliwa kupisha mwendokasi wa awamu ya pili, kutoka Gerezani hadi Rangi Tatu tulikaa kwenye foleni mpaka tukajuana majina. Ndani ya daladala joto, kwapa la mtu puani, konda anadai nauli ambayo umekwisha kulipa. Lakini dereva akifungulia redio na mtu maarufu akaanza kujitetea kuhusu ndoa yake, ugomvi wa chenji ulikwisha palepale. Konda mwenyewe alining'inia mlangoni akisikiliza, akapitisha kituo, na abiria aliyepitishwa hakulalamika kwa sababu naye hakutaka kushuka kabla ya jibu. Hakuna kamati ya amani ya wilaya iliyowahi kuleta utulivu ule. Saluni za Zakhem, hapa hapa Mbagala, ziliona hivyo hivyo. Msusi akinogewa, vidole husimama. Rasta za saa tatu huchukua saa tano, mteja analipa na kushukuru.

Wenye ardhi hii, Wazaramo, wasingemshangaa. Wao wana watani. Mtani huingia msibani akamsema marehemu, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mtangazaji wetu ameirithi kazi hiyo, ila ameiboresha. Mtani akishakusema hubaki kubeba jeneza. Huyu akishakusema huenda kwenye tangazo la sabuni.

Niseme na hili, maana sifa zisizo na ushahidi ni za kampeni. Jirani yangu mmoja, mama muuza chapati, alipigiwa simu na kituo fulani cha redio. Alidhani ni mteja anataka kuagiza, akajibu kwa uchangamfu wote. Akaulizwa kama anamjua bwana fulani. Akajibu. Dakika hiyo hiyo mtaa mzima ukajua lililokuwa la watu wawili, na waliochelewa kujua wakasimuliwa na watoto waliotoka shule. Hakuwa msanii, hakuwa na albamu ya kuuza, hakupewa hata vocha. Nampongeza kwa mchango wake katika tasnia. Siku zile meza yake haikutoka nje, nasi tukanywa chai kavu, lakini maendeleo ya utangazaji yana gharama na ni vizuri wazilipe watu wasio na wakili.

Serikali nayo, kupitia mamlaka yake ya mawasiliano, TCRA, humsaidia mtangazaji mchokozi kuliko anavyokiri. Wasafi FM ilipofungiwa siku saba Septemba 2020 kwa lugha isiyofaa hewani, watu ambao hawakuwa wamekisikia kilichosemwa walianza kuulizana, na waliokisikia wakapanda cheo ghafla, wakawa wasimuliaji wa kijiwe. Bajeti gani ya matangazo ingefanya hivyo?

Heshima kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuja usiku wa Ijumaa, 17 Machi 2017. Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alifika ofisi za Clouds pale Mikocheni akiwa na askari wenye silaha. Kamera za jengo zikanasa, nchi ikatazama. Hakwenda kuuliza habari za bajeti wala za Katiba. Kwa mujibu wa kamati iliyoundwa na Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alitaka kipindi cha Shilawadu kirushe habari iliyomhusu mchungaji maarufu. Shilawadu kilikuwa kipindi cha Clouds TV, ndugu wa damu wa U Heard, Soudy Brown akiwamo, na kirefu chake ni Shirika la Wambea Duniani. Rudia kusoma hapo. Katika mji wenye magazeti, vyuo vikuu na taasisi za utafiti, bunduki zilikwenda kwa wambea.

Na wambea wakagoma. Maelezo ya Ruge Mutahaba, aliyekuwa mkurugenzi wa vipindi, yalikuwa kwamba habari ile haikuwa na upande wa pili, anayetuhumiwa hajasikilizwa, kwa hiyo haikufaa kwenda hewani. Kumbe kuna mizani hata kwenye umbea! Ni magazeti mangapi yenye tahariri ndefu za maadili yangesimama pale pale, saa zile za usiku, mbele ya mitutu? Sitaji. Nape alipokea ripoti ya kamati 22 Machi. Kesho yake hakuwa waziri tena.

Ndiyo maana sielewani na wasomi wanaosema umbea ni kitu chepesi. Mkubwa aliyetaka jambo lake lifike Mbagala usiku ule hakumwandikia barua mhariri wa gazeti lolote. Alijua magazeti huku tunafungia mihogo. Alikwenda moja kwa moja kwa mtu ambaye sote tunamtukana na sote tunamsikiliza, na kwa kwenda kwake na silaha alitueleza uzito wa mtu huyo vizuri kuliko shahada yoyote ya heshima. Bahati yetu ni kwamba siku hiyo mdomo usiofunga ulijua kufunga.

Basi aongezewe masafa. Aongezewe dakika, na Manispaa ya Temeke imwekee salio la simu kutoka kwenye ushuru wa soko. Nina ombi moja kwake: apige namba za waliozoea vipaza sauti, yaani wasanii, mawaziri, wachungaji, wenye timu za mpira, na ile ya mama chapati aifute. Na wewe msomaji, namba usiyoijua ikikupigia kati ya saa saba na saa kumi mchana, ukasikia upande wa pili mtu anacheka kabla hujasema halo, kata.