Tiketi za Papa na Kitabu cha Tom

Kilichotangulia kutoweka ni sukari. Zikafuata betri za redio, kisha samaki wakavu wa Nkambo, mama wa bwana yangu, wale wa Upemba ambao yeye huwafunga kwenye kitambaa na kuwaficha chini ya kitanda chake. Nyumbani kwetu Mitwaba sukari haipatikani ovyo. Inapandia lori Lubumbashi, inalala njiani kadiri matope yatakavyo, na ikifika hapa bei yake haitamkiki. Nilimshuku panya, nikamshuku mtoto wa jirani, nikamshuku hata bwana yangu. Huyo wa mwisho hakunisikiliza, kwa sababu alikuwa mezani anapiga muhuri.

Alikuwa anapiga muhuri tiketi. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewapa watoto kitabu cha Tom Sawyer, kile chembamba cha shule, kilichopunguzwa hadi maneno mia kadhaa, chenye picha, na nyuma kabisa orodha ya maneno magumu pamoja na maswali ya kupima kama msomaji ameelewa. Interro, mtihani wa darasani, ilikuwa inakaribia. Bwana yangu ni mtunza bohari. Maisha yake yote amehesabu magunia, na kitu kisichohesabika hukitazama kwa wasiwasi. Akakata katoni ya sabuni vipande vidogo, akaviandika namba, akavipiga muhuri (maana katika nchi hii karatasi isiyo na muhuri ni takataka), akatangaza sheria. Neno moja la Kiingereza likijibiwa sawasawa, tiketi moja. Wa kwanza kufikisha tiketi mia atakwenda naye Lubumbashi wakati wa likizo, tena atakaa mbele, karibu na dereva.

Watoto wanne wakaingia mashindanoni: kijana wetu mkubwa, binti wa dada yangu, ambaye kwetu ni binti tu na anasoma darasa moja na huyo kijana, na wadogo wawili. Kila jioni Papa yao anataja neno kwa Kiingereza, mtoto anajibu kwa Kifaransa, Nkambo anauliza kwa Kiluba wanagombania nini, mimi namweleza kwa Kiswahili huku nikipuliza makaa ya mbabula. Binti ana kichwa cha kushika. Wadogo nao walijiokotea tiketi kwa paka, panya, ndoo na brashi. Aliyetia huruma ni kijana. Akiulizwa neno, anatazama bati. Walipofika kwenye maswali ya nyuma ya kitabu, hata rangi ya uzio hakuikumbuka.

Nami nasema wazi kwamba maswali yale sikuyapenda tangu mwanzo. Uzio ulipakwa rangi gani? Siku ile ilikuwa siku gani? Tom alikula nini kwa siri? Mtu anaweza kuyajibu yote, apate alama zake, na asijue kwa nini kitabu kilichotoka mwaka 1876 bado kinachekesha watu. Hivyo ndivyo polisi wanavyomhoji mshukiwa.

Aliyeuliza ya maana ni Nkambo, ambaye kusoma hajui. Kijana alikuwa anamsimulia usiku. Kile kitabu chembamba yeye alikuwa ameshakiacha. Mjomba wake wa Lubumbashi alimwekea kwenye simu kitabu kizima, tafsiri ya zamani ya Kifaransa. Mwandishi Mark Twain alikufa mwaka 1910, kwa hiyo hadithi yake haina mwenyewe tena, na mwenye intaneti anaipakua bila kulipa. Kijana alisoma mpaka simu inazimika, asubuhi anaikimbiza kwa mwenye paneli za jua aichaji kwa pesa. Pesa yenyewe alikuwa anaitoa wapi, sikujiuliza.

Nkambo aliposikia jinsi Tom alivyopewa adhabu ya kupaka chokaa uzio mzima Jumamosi, jinsi alivyojifanya kazi ni tamu, na jinsi wenzake walivyomlipa vitu vyao ili nao washike brashi, alikatiza: "Huyu ni Kalulu. Mulimuvalisha tu suruali." Kalulu ni yule sungura wa hadithi zetu, ambaye tangu enzi za mababu anawafanyisha wanyama wakubwa kazi yake. Kisha akauliza: "Bale batoto walilipa juu ya nini? Kazi ilikuwa tamu kweli, ao walimuonea wivu?" Na tena: "Yule mudogo yake mwenye kuchongea, mama mukubwa alimuamini?" Kijana alijibu bila kutazama bati, akaeleza moyo wa kila mmoja wao, mpaka sombe yangu ikaungua kwa ajili ya kusikiliza.

Akamweleza pia jambo lisilokuwemo kitabuni. Mwaka 1905 huyo huyo Twain alitoa kijitabu cha kumkejeli Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji aliyeimiliki Kongo wakati ule. Ndani yake mfalme anazungumza peke yake, anajitetea, anawalaani wamisionari waliomfichua na picha za watu waliokatwa mikono. Mapato ya kijitabu yalikwenda kwa chama cha kutetea watu wa Kongo kilichokuwa kinapambana na utawala wake kutoka Uingereza na Marekani. Nkambo alipiga makofi. "Basi ule ni mutu yetu. Endelea." Ninaamini kuanzia usiku ule alijua samaki wake wanakwenda wapi, na akanyamaza.

Jumapili ya hesabu bwana yangu alipanga viti uani, akaalika majirani wa pande zote na katekista mmoja aliyewahi kusoma Kiingereza Lubumbashi, jambo asilochoka kutukumbusha. Binti akatoa tiketi chache, akazihesabu macho chini. Wadogo hawakuwa na hata moja. Ndipo kijana alipoinuka na bunda lililofungwa kwa mpira, akaliweka mezani. Mia, na zaidi. Mihuri yote ilikuwa ya kweli. Bwana yangu akamshika mtoto wake mkono mbele ya watu, akasema maneno juu ya akili za ukoo wao ambayo sitayarudia hapa, maana na mimi nina ukoo.

Katekista akaomba aulize swali moja, la heshima tu, ili na wageni waonje. Akachagua rahisi: Tom alilelewa na nani? Jibu ni Polly, mama yake mkubwa. Jina lipo mwanzoni kabisa, hata mdogo wetu wa mwisho angelitaja. Kijana akajinyoosha, akajibu kwa sauti ya darasani:

"Daudi na Goliati."

Majirani wakatazamana. Bwana yangu akauliza polepole, na akiuliza polepole mimi huanza kuondoa vyombo: "Maneno mia moja, na haujue mutu aliyelea Tom?"

"Papa, soma sura ya ine."

Akapekua kitabu chembamba. Humo hapakuwa na Daudi wala Goliati. Simu ilikuwa imezimika. Nkambo akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, naye hakutaka kueleza kwa nini. Wageni wakala bukari, wakaondoka na hadithi isiyo na mwisho, na kufikia jioni kila mtu mtaani alikuwa ameshaitungia mwisho wake.

Wageni walipotoka, wadogo wakakiri bila kuguswa. Betri zilinunua tiketi za yule anayetengeneza magari ya waya na kutaka yawe na taa. Samaki walinunua za mwenzake, na waliobaki waliuzwa kuchajisha simu. Sukari yangu ilikwenda kwa binti, kijiko kwa kijiko, kijiko kimoja tiketi moja.

Kesho yake simu ilirudi na moto. Bwana yangu akavaa miwani, akasoma sura ya nne kwa sauti, sote tumekaa. Kumbe shule ya Jumapili ya kina Tom nayo ilitoa tiketi kwa kila mtoto aliyekariri aya za Biblia, na mwenye aya 2000 alizawadiwa Biblia mbele ya watu. Tom hakukariri. Alizinunua tiketi za wenzake kwa mali aliyoipata kwenye uzio, akasimamishwa mbele ya Hakimu Thatcher, akaulizwa majina ya wanafunzi wawili wa kwanza wa Yesu. Akawataja Daudi na Goliati. Bwana yangu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akazikumbuka betri zake.

Hukumu ilitoka hapo hapo: kijana apake pemba ukuta wote wa jiko, ule unaotazama barabara. Pemba, udongo wetu mweupe, akauchimba mwenyewe, akaukoroga kwenye ndoo, akaanza kazi huku anapiga mluzi, na watoto wa majirani wakaanza kusogea mmoja mmoja. Lakini bwana yangu alikuwa ameshaweka kiti kando ya ndoo, fimbo magotini, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kugusa brashi mpaka ukuta ulipokwisha. Siku ile, kama ni mtihani wa kuelewa kitabu, yeye ndiye aliyefaulu kuliko wote.

Interro ilikuwa orodha ya maneno na yale maswali ya nyuma. Binti alipata 17 juu ya 20, kijana 9. Safari ya Lubumbashi alipewa binti, akakaa mbele karibu na dereva, na mimi naona ni haki: maneno aliyajua kweli, tena aliyauza kwa bei nzuri. Kijana alibaki na Nkambo, ambaye sasa anamdai habari za Huckleberry, rafiki wa Tom.

Wewe unayesoma haya Lubumbashi, kama una kitabu kizima cha Tom Sawyer, cha karatasi, mpe dereva yeyote wa lori la Mitwaba atufikishie. Kama nyuma yake kuna maswali, chana kurasa hizo kwanza.