Shimo la Yaya

Mjini Kolwezi, nchini Kongo, mtu hachimbi choo kimyakimya. Sururu ikilia kidogo tu, watoto wa jirani wamekwishapanda ukutani. Ikiendelea kulia, kijana asiyejulikana na mtu anasimama langoni na kuuliza kwa adabu zote kama udongo unaotoka ni mwekundu au mweusi. Akiambiwa ni mwekundu, anaaga na kwenda zake. Akiambiwa ni mweusi, anaomba kiti.

Hali hii ina historia yake. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi mmoja alichimba kwenye kiwanja chake akakutana na heterogeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Habari ilienea upesi. Watu walichimba uani, kisha jikoni, kisha chini ya kitanda, wakazidi kushuka hadi njia za chini kwa chini zikakutana kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba ilihamisha familia za sehemu moja ya mtaa huo, ikazungushia ukuta, ikaikabidhi kampuni ya Kichina. Tangu hapo hakuna mwenye nyumba Kolwezi anayekanyaga sakafu yake bila kujiuliza kuna nini chini.

Sisi tulikuwa tumekwenda kutembea tu. Yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu, na mumewe walikuwa majirani zetu Likasi, katika kambi ya Panda, enzi ambazo Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, ilikuwa ikigawa unga mwisho wa mwezi na mtoto wa mfanyakazi alizaliwa, akasoma na kutibiwa chini ya jina moja hilo hilo. Kisha mishahara ikakatika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wakiwa na fedha mkononi na hofu moyoni. Shemeji, mume wa Yaya, alikuwa mmoja wao. Alihamia Kolwezi akafungua karakana ya kuchomelea vyuma. Yaya alinifundisha kupika bukari, yaani ugali, ya watu wengi nilipoolewa, akanishikia mtoto wa kwanza siku nilipougua. Si ndugu wa damu, lakini sijui neno jingine la kumwita.

Basi tuliondoka Lubumbashi Ijumaa mchana: mume wangu usukani, mama mkwe kando yake, mimi na watoto nyuma, na juu ya gari godoro la sponji, kwa sababu Yaya alikuwa amesema kwenye simu kwamba matandiko ni machache. Watoto humwita mama mkwe Nkambo, nasi sote tumezoea kumwita hivyo. Hakuwa amekanyaga Kolwezi kwa miaka mingi. Marehemu baba mkwe alifanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi wa Kamoto, na Nkambo alikuwa hapo Mei 1978, wakati wa vita, askari wa miavuli wa Kifaransa waliposhuka tarehe 19. Hazungumzii sana habari hizo. Njia nzima alikuwa akiuliza kama miembe bado ipo.

Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kilomita 300 na kidogo, na mtu mwenye gari zima na barabara tupu angefika kabla ya giza. Barabara ile haiwi tupu. Malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa yamebeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti ya kwenda Zambia, na kutoka huko hadi bandari za Dar es Salaam na Durban. Yanayokwenda upande wetu yamebeba tindikali na salfa. Ukikwama nyuma ya lori la tindikali kwenye mlima, unakaa hapo hapo, na hata wanaokanyaga mafuta siku zote wanajua hawapaswi kujaribu kulipita. Kapolowe tulinunua samaki wabichi kwa ajili ya wenyeji wetu, beseni zima, maana huwezi kwenda kwa Yaya mikono mitupu. Baada ya Likasi mvua ikanyesha, ile mvua ya Novemba isiyo na upole. Turubai likachanika. Godoro likanywa maji mpaka likaanza kuyatema kupitia dirisha la nyuma, na mwanangu mdogo, katika kujikinga, akapindua beseni.

Tulipita Fungurume tukinuka ziwa. Daraja la Lualaba tulilivuka gizani.

“Bageni banafika!” Sauti ya Yaya ilitupokea kabla hatujaiona sura yake, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Laini kubwa ya umeme ya Inga inasafiri kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani kabisa, lakini usiku ule mtaa ulikuwa na taa za simu tu. Alitukumbatia mmoja mmoja, akamshika Nkambo mikono miwili, akapiga goti. “Jambo yenu! Muko bazima?” Tukajibu kwamba tuko wazima, asante, na kwamba kuna samaki sakafuni mwa gari. Akacheka, akaleta mbabula, akawasha makaa. Tulikaanga samaki usiku huo huo mpaka karibu saa sita, maana wasingelala salama. Godoro tuliliegemeza ukutani barazani, na hadi tunaondoka Kolwezi lilikuwa bado likitoa maji.

Kabla ya kulala Yaya alitueleza jambo moja kwa sauti ya chini, kama mwenyeji anayetaka wageni wajisikie nyumbani. Choo cha ndani kilikuwa kimeziba tangu mvua za kwanza na bomba halikuwa na maji. Kwa ajili yetu alikuwa amemwajiri kijana achimbe choo kipya nyuma ya nyumba. Shimo limefika kimo cha mtu na zaidi, mbao zimewekwa juu, kikwembe kimetundikwa mbele yake kwa stara. Kijana hakurudi siku ile kumalizia, na Yaya hakujua kwa nini, ila kwa usiku mmoja linatosha.

Nkambo ndiye aliyegundua kwa nini. Usiku wa manane aliamka, akajitanda, akachukua tochi, akatoka polepole na fimbo yake. Nilimsikia akikohoa mlangoni, kisha kimya, kisha sauti yake ikiuliza bila woga wowote: “Nani iko mu choo?”

Kutoka chini ya ardhi, kwa heshima, sauti ikajibu: “Jambo, nkambo.”

Walikuwa vijana watatu, mmoja wao yule mchimbaji wa Yaya, na mwingine mtoto wa jirani wa tatu. Walikuwa wametoa mbao, wameshuka na patasi na mishumaa, na magunia mawili yalikuwa tayari yamejaa kando ya ndizi za Yaya. Nkambo hakupiga kelele. Aliwamulika, akawaambia watoke kwanza kwa sababu yeye ni mtu mzima na haja yake haingojei kobalti. Walitoka, wakamrudishia mbao, wakageuka kutazama ukutani mpaka alipomaliza. Hapo ndipo alipopaza sauti na nyumba nzima ikaamka.

Nawaza sana kuhusu vijana wale, na siwezi kuwaita wezi. Hawakukimbia. Walikaa chini uani tukakaa nao, na mkubwa wao akaeleza kama mtu anayetoa hesabu kazini. Jiwe alilikuta siku ya pili. Alilivunja, akaona weusi unaong'aa, akajua. Magunia yangepelekwa kwenye depo za ununuzi huko Musompo, mnunuzi angepima kwa ile mashine ndogo ya mkono wanayoiita Metorex, na bei ingetajwa kwa kadiri ya asilimia iliyosomeka. Mwenye kiwanja angepata sehemu yake; hivyo ndivyo inavyofanyika, alisema, na walikusudia kumwambia shemeji asubuhi.

Asubuhi shemeji hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo tangu alfajiri na kipande cha jiwe kiganjani. Ana mtoto chuo kikuu na wawili sekondari. Karakana inategemea umeme. Alituambia maneno ambayo mtu yeyote wa Lualaba angeyasema: kampuni kubwa zinachukua kila siku, nchi hii ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia, magari ya umeme ya Ulaya na China yanatembea kwa jiwe hili, na yeye aliyezaliwa juu yake anakopa nauli. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema kilicho chini ya kiwanja ni mali ya taifa, na mchimbaji mdogo anaruhusiwa tu katika maeneo aliyotengewa. Shemeji anaijua sheria hiyo vizuri. Anajua pia ada inalipwa lini.

Yaya alikuwa upande wa pili wa shimo, amekaa juu ya lundo la udongo, kiti amekikataa. “Ile bulongo ni ya choo,” alisema, na hakuongeza neno. Walioana zamani, najua kimya chake kinavyokuwa, na shemeji anakijua zaidi.

Asubuhi nzima ikapita hivyo. Habari zilikuwa zimeshafika mtaani. Choo hakikutumika tena kwa kuwa kilikuwa kimezungukwa na watu, ikabidi watoto wetu wapelekwe kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara, kwa foleni, kila mmoja na bidoni yake ya maji. Mama huyo hakuomba malipo, aliomba kusimuliwa. Kila mtoto alirudi akiwa ametoa siri zaidi ya mwenzake. Kufikia adhuhuri palikuwa na wageni barazani ambao Yaya hajawahi kuwapikia, nao walikula samaki wa Kapolowe wakaisha.

Ndipo Nkambo alipoomba kusogezwa karibu. Aliwaita wale vijana watatu wakae mbele yake, na shemeji pia. Akawauliza wanajua nini kuhusu Kamoto.

Akaeleza kama alivyoelezwa na mumewe. Chini kule walikuwa wakichimba vyumba na kuacha nguzo za mwamba katikati, na nguzo zile zilikuwa na shaba na kobalti sawa na mwamba mwingine wote. Kila aliyepita alizitazama na kuona fedha. Lakini ndizo zilizobeba mlima. Miaka ya mwisho, matunzo yalipopungua, watu wa chini walikuwa wanasikia nguzo zikilia. Septemba 1990 sehemu ya katikati ikaporomoka. Baba mkwe alikuwa hai kwa sababu hakuwa zamu. Alihamishiwa Likasi, na mpaka anakufa hakupenda kulala katika chumba chenye ufa.

Kisha Nkambo akanyoosha fimbo na kuonyesha ukuta wa jiko. Sote tukatazama. Ufa ulikuwepo, mpya, mwembamba, ukianzia chini upande wa shimo. Vijana walikuwa wamechimba kuelekea huko, kufuata mshipa.

“Nyumba hii ina nguzo gani?” aliuliza. “Ni hiyo hiyo munayoitia mu gunia.”

Shemeji hakujibu mara moja. Alishuka mwenyewe shimoni kwa ngazi, akakaa humo muda mrefu, tukasikia anagonga. Alipopanda alimtazama Yaya, siyo sisi, akasema litajengewa.

Mume wangu ni fundi uashi, na sijawahi kufurahia kazi yake kama Jumamosi ile. Matofali ya kuchoma yalipatikana kwa jirani, saruji tuliinunua kwa fedha ya mafuta ya kurudia. Vijana walibaki, walichota maji, wakapitisha matofali, na Yaya akawalipa kama mafundi saidizi kwa sababu kazi ni kazi. Swali lilikuwa ni yale magunia mawili. Shemeji alipendekeza kwa sauti ndogo yawe kokoto za zege. Mume wangu akavunja jiwe moja kwa vidole na kumwonyesha: linamomonyoka, halishiki. Basi lilirudishwa lilikotoka. Tulijaza jiwe jeusi kwenye kile kishimo cha pembeni kilichoelekea jikoni, tukalishindilia nyuma ya ukuta wa matofali, gunia la kwanza na la pili, shemeji mwenyewe akishika mchi. Hakuna aliyesema kitu wakati huo. Zege la juu likamwagwa jioni, nondo zikiwa zimechomelewa na shemeji katika dakika chache ambazo umeme ulirudi.

Zege halikauki kwa kuamriwa. Tulikuwa tumepanga kuondoka Jumapili baada ya misa, tukabaki, maana palitakiwa watu wa kulinda usiku na Yaya alikuwa hajalala. Tulilala kwa zamu juu ya mikeka. Nkambo alipata jioni yake ya kupelekwa kutazama miembe, ipo michache. Shemeji na mume wangu walikaa uani mpaka usiku mkubwa wakikumbushana Panda, nani alihamia wapi, nani amezikwa wapi, na Yaya nami tukasonga bukari kama zamani, sufuria ile ile kubwa. Shule ya watoto ilitusubiri.

Juzi Yaya alipiga simu. Ufa haujaongezeka, shemeji ameuwekea alama ya penseli na anaukagua kila Jumamosi. Mtoto wa chuo amelipiwa nusu ya ada, nusu inatafutwa. Choo kinatumika. Na wiki iliyopita kijana mmoja mgeni alibisha langoni, akasalimia vizuri, akauliza kama choo kile kinauzwa. Yaya alimjibu kwamba kuna mtu ndani.